Kazi Ikipungua, Bima ya Afya Isikatike

Kiamaiko watu wengi hawastaafu kwa siku moja. Mzee aliyechinja mbuzi miaka mingi anaanza kuja siku tatu kwa wiki, baadaye anakuja siku za soko kubwa tu. Fundi wa kiwanda kule Baba Dogo anaelewana na bosi afanye nusu zamu hadi afikishe miaka 60. Mwili unapumzika pole pole, na mfuko nao unazoea.

Bima ya afya haiendi hivyo. Ikikatika, inakatika mara moja, na wengi hujua wakiwa tayari wamesimama kwenye dirisha la hospitali. Kama wewe au mzazi wako mnapanga kupunguza kazi, haya ndiyo ya kupanga mapema.

Jiulize: nani atalipa?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, NHIF haipo tena. Bima ya umma sasa iko chini ya SHA. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Ukipunguza siku lakini ubaki kwenye orodha ya mishahara, mwajiri anaendelea kukukata na kutuma, ila kiasi kinashuka. Mshahara wa 30,000 unakatwa 825. Ukishuka hadi 18,000, unakatwa 495. Hata ukishuka hadi 10,000, utalipa 300, kwa sababu hapo ndipo chini kabisa.

Lakini bosi akisema, "Kuanzia sasa utakuwa unakuja kama kibarua," hiyo ni stori nyingine. Ukishatoka kwenye orodha ya mishahara, hakuna mtu anayekutumia mchango. Mlipaji ni wewe.

Mchango wa mwaka, kwa mara moja

Asiye na mshahara anajaza maswali ya kupima uwezo wa nyumba yake, kisha anaambiwa kiasi chake. Hesabu bado ni asilimia 2.75, sasa ya mapato ya nyumba, na haiwezi kuwa chini ya 300 kwa mwezi. Tofauti iko kwenye malipo: unalipa ya mwaka mzima. Kwa kiwango cha chini, hizo ni 3,600 kwa mkupuo.

Hapo ndipo watu hukwama. 495 kwa mwezi ulikuwa huisikii kwenye mshahara. Ukiambiwa 5,940 leo, na kodi ya nyumba inangoja, utasema "mwezi ujao". Mwezi ujao nao una mambo yake.

Dawa ni kuanza kuweka kabla hujaacha mshahara. Fungua akiba ya peke yake kwenye simu, uipe jina la bima, usiichanganye na pesa ya matumizi. Ukiweka mbao kila siku, yaani shilingi 20, hiyo 5,940 inatimia kwa siku 297, chini ya miezi kumi. Anayelipa 3,600 atafika kwa siku 180.

Kuna pia mpango wa serikali wa Lipa SHA Pole Pole, wa kulipia bima kwa vipande. Kumbuka huo ni mkopo, na mkopo hurudishwa. Akiba yako haina wa kukudai.

Kabla hujasaini mkataba mpya

- Uliza ofisini: nitabaki kwenye orodha ya mishahara? Bima ya kibinafsi ya kampuni itaendelea, au ni ya wafanyakazi wa kudumu tu? Jibu liandikwe.
- Piga *147# uangalie rekodi yako. Mwajiri anatakiwa kutuma makato kufikia tarehe 9 ya kila mwezi. Kama kuna pengo, uliza ukiwa bado kazini.
- Hakikisha mke au mume na watoto wameandikwa chini yako.
- Ukishaacha mshahara, badilisha taarifa zako na ujaze maswali ya uwezo mara moja. Usingoje ugonjwa.
- Usimpe mtu namba yako ya siri, hata akisema anakusaidia kusajili SHA.

Kwa nini usiruke hata mwaka mmoja

Ukiwa umesajiliwa, zahanati na vituo vya afya vilivyo chini ya SHA vinakutibu bila malipo. Lakini kulazwa au kufanyiwa upasuaji katika hospitali kubwa kunahitaji mchango uliolipwa. Na ndiyo miaka ya presha, sukari na magoti. Ukiamua kununua bima ya kibinafsi ukiwa na miaka hiyo, kampuni nyingi zitauliza umri wako na magonjwa uliyo nayo, na bei itapanda. SHA haikufungii mlango kwa sababu ya umri wala ugonjwa ulionao, mradi umelipa.

Kwa hivyo ukipanga siku za kupumzika, panga na mbao ya leo.