Kukwangua, Kuvunja, Kutoa, Kufunga: Vitenzi vya Upasuaji wa Njia ya Mkojo

Anayetafsiri fomu ya ridhaa ya hospitali aghalabu huhangaika na nomino. Hutafuta jina la tezi, la mrija na la kifaa, na akishayapata hudhani kazi imekwisha. Ila mgonjwa asomewapo fomu hiyo, analotaka kujua kwanza ni kile atakachofanyiwa. Kitenzi ndicho kinachomwambia nini kitatoka mwilini, nini kitabaki, na iwapo lililofanywa laweza kutenguliwa. Makala haya yanaeleza aina nne za upasuaji wa njia ya mkojo na viungo vya uzazi vya mwanamume, na kupima vitenzi tunavyovitumia kuzieleza.

Kukwangua tezi na kuondoa tezi

Tezi dume, ambayo wengine huiita tezi kibofu, ni kiungo, si ugonjwa. Kila mwanamume anayo, chini ya kibofu, ikiuzunguka mrija unaotoa mkojo nje. Katika mazungumzo, hata hivyo, husemwa "mzee ana tezi dume", kwa maana kwamba tezi imekua na kuubana mrija huo hata haja ndogo ikawa ya shida. Mfasiri hana budi kuyajua matumizi hayo, lakini katika maandishi ya tiba ni afadhali aandike "kukua kwa tezi dume", ili kusiwe na mkanganyiko na "saratani ya tezi dume". Hayo ni maradhi mawili, na la kwanza haligeuki kuwa la pili.

Upasuaji uliozoeleka wa tezi iliyokua hauachi jeraha la nje. Mgonjwa hupigwa sindano ya ganzi mgongoni au hulazwa usingizi, kisha daktari hupitisha kifaa chembamba chenye kamera ndani ya uume na kukwangua nyama ya tezi inayoziba njia. Baadaye mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa siku chache, mara nyingi kibofu kikisafishwa kwa maji. Damu huweza kuonekana kwenye mkojo kwa siku kadhaa, hata majuma. Nguvu za kiume kwa kawaida husalia, ila shahawa aghalabu hurudi kibofuni badala ya kutoka nje, na jambo hilo linampasa mgonjwa kulijua kabla ya kutia saini.

Sasa tuitazame sentensi hii: "Tezi dume yako itatolewa." Kisarufi haina kasoro, ila si kweli. Sehemu ya nje ya tezi hubaki, na saratani yaweza kuota humo. Aliyeambiwa kwamba tezi imetolewa hataona sababu ya kurudi kupimwa. Kitenzi "kuondoa" kihifadhiwe kwa upasuaji wa saratani, ambapo tezi nzima hutolewa, na hatari ya kushindwa kuzuia mkojo au kupungukiwa nguvu za kiume huwa kubwa zaidi.

Kuvunja mawe na kutoa mawe

Mawe ya figo yakiwa madogo huweza kutoka yenyewe kwa mkojo. Yasipotoka, njia mojawapo ni kuyapiga kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili, bila kisu. Mawimbi hayo huvunja jiwe, hayalitoi. Vipande hushuka kwa mkojo katika siku au majuma yanayofuata, na vikishuka huweza kuleta maumivu na damu. Mgonjwa aliyesomewa kwamba mawe "yatatolewa" atayadhani maumivu hayo kuwa dalili ya tiba iliyoharibika. Njia nyingine ni kupitisha kamera nyembamba hadi lilipo jiwe, kulivunja kwa leza na kuvitoa vipande. Hapo "kutoa" ni sahihi.

Hapa pana mtego wa nomino pia. Mrija unaoshuka kutoka kwenye figo hadi kibofu na ule unaotoka kibofuni kwenda nje yote huitwa "mrija wa mkojo". Tuandike "mrija wa figo" kwa wa kwanza na "mrija wa kutolea mkojo" kwa wa pili. Aidha, baada ya kuvunja mawe daktari huweza kuacha kijirija laini ndani ya mrija wa figo ili mkojo upite. Kikiitwa "mpira", mgonjwa atakichanganya na mpira wa mkojo unaoonekana nje, na huo ukishatolewa atafikiri hana kitu tena mwilini. Kijirija hicho kikisahaulika kwa miezi mingi huweza kuota mawe na kuidhuru figo. Basi fomu isiseme "utawekewa kijirija" tu, bali "utawekewa kijirija kwa muda, na ni lazima urudi kitolewe".

Kutoa maji na kupasua busha

Busha, au ngirimaji, ni maji yaliyojikusanya katika utando unaoizunguka korodani. Halina budi kutofautishwa na ngiri, ambayo ni utumbo au nyama ya ndani kusukumika kupitia upenyo wa misuli. Pwani hutajwa pia "mshipa", neno lenye maana nyingi mno kufaa katika fomu. Katika maeneo ya pwani ya Afrika Mashariki, mabusha mengi yametokana na minyoo ileile iletayo matende, inayoenezwa na mbu.

"Kutoa maji" kwa sindano hupunguza uvimbe, lakini maji hurudi mara nyingi. Upasuaji hushughulikia utando wenyewe: hukatwa au hugeuzwa na kushonwa. Korodani hubaki mahali pake. Uvimbe baada ya upasuaji ni wa kawaida, na huchukua majuma kupungua. Usemi "kukata busha" unaeleweka mtaani, ila humfanya msikilizaji mwenye hofu adhani kwamba kitakachokatwa ni korodani. "Kupasua busha" hupunguza shaka hiyo.

Kufunga uzazi na kuhasi

Kuhasi ni kuondoa korodani au kuziua nguvu, kama afanyiwavyo ng'ombe awe maksai. Kufunga uzazi kwa mwanamume ni jambo jingine kabisa: chini ya ganzi, mirija miwili ipitishayo mbegu hukatwa na kuzibwa. Korodani huendelea kutengeneza homoni, na hamu, nguvu na utoaji wa shahawa hubaki.

Tatizo lipo katika mofolojia ya kitenzi. Kiswahili humpa "funga" mwenzake "fungua", kama "ziba" na "zibua". Asikiaye "kufunga" husikia ndani yake ahadi ya kufungua. Kuna upasuaji wa kuiunganisha mirija tena, ila mafanikio yake hayana hakika, hivyo anayeamua apaswa kulihesabu jambo hili kuwa la kudumu. Neno limekwisha kuzoeleka na hatuna haja ya kulifukuza. Tuliongezee tu: "kufunga uzazi moja kwa moja". Tueleze pia kwamba mbegu zilizobaki mirijani huchukua muda kwisha. Kinga nyingine hutumika kwa miezi mitatu hivi, hadi kipimo cha shahawa kithibitishe kwamba hazimo.

Kwa mfasiri na mwalimu

Kila kitenzi cha upasuaji na kiulizwe maswali matatu: Nini kinatoka? Nini kinabaki? Je, laweza kutenguliwa? Kitenzi kisipoweza kujibu, kiongezewe kielezi au sentensi nzima, hata kama matini chasili ilitosheka na neno moja. Fomu itarefuka kidogo, lakini mzee anayeitia saini atakuwa ameridhia jambo lilelile ambalo daktari anakusudia kulifanya.