Mtazamo: Asili ya Dhana na Utata wa Matumizi Yake

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, neno mtazamo hubebeshwa mizigo miwili: mahali pa kuonea na maoni ya mwenye kuona. Kimofolojia, limeundwa kutokana na kitenzi tazama kwa kiambishi tamati -o, kama msimamo kutokana na simama. Umbo lenyewe, basi, linaashiria tendo la macho. Maana ya rai ni ya kisitiari.

Historia ya dhana hii inakigusa Kiswahili kwa njia isiyotajwa mara nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham aliandika Kitab al-Manazir kuhusu nuru na uoni. Kilipotafsiriwa kwa Kilatini, kitabu hicho kilijulikana pia kwa jina la Perspectiva. Mzizi wa Kiarabu uliozaa manazir ndio uliokipa Kiswahili mandhari na nadharia, yaani kinachoonwa na kinachofikiriwa.

Genette (1972) alitenganisha swali la nani anaona na lile la nani anasema. Utenganisho huo unafaa sana kwa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Adili anamsimulia Mfalme Rai, ilhali nduguze, waliogeuzwa manyani, hawasimulii upande wao. Mhakiki anayeandika (na wapo wengi) kwamba “mtazamo wa mwandishi” unawalaani Hasidi na Mwivu amelichukua jicho la Adili akalifanya rai ya Shaaban Robert. Huenda wawili hao wanaafikiana. Lakini hilo huthibitishwa kwa ushahidi wa matini, hususan sauti ya msimulizi wa nje anayekifungua kisa.