Tuuze Laptopu, Tununue Kishikwambi?

Hivi, wewe na mwenzio mmeshawahi kununiana kwa sababu ya kompyuta? Sizungumzii ule ugomvi wa nani kashika simu ya nani, huo tumeshauandika sana kwenye kurasa hizi. Nazungumzia pesa. Kwenye kibubu kuna laki kadhaa, laptopu ya nyumbani imechoka, betri haimalizi hata nusu saa, na mmoja wenu anasema, "Hili dude la nini tena? Tununue kishikwambi, siku hizi mambo yote yanafanyika humo." Mwingine anakaa kimya, na ule ukimya unaujua mwenyewe.

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi na marafiki walioajiriwa, waliojiajiri na wale wanaofanya vyote viwili kwa pamoja. Basi Desemba iliyopita nikaamua kulifanyia kazi. Unajua tena sisi Wachaga na Desemba: ikikaribia Krismasi lazima upande mlimani, kazi imeisha au haijaisha. Toleo lilikuwa halijafungwa. Laptopu nikaiacha Dar es Salaam kwa makusudi, nikabeba kishikwambi cha inchi 11, kibodi ndogo isiyo na waya na kalamu yake, nikaenda kukaa Kibosho wiki tatu.

Kabla sijasimulia yaliyonipata, tukumbushane kidogo. Steve Jobs alipoionyesha iPad kwa mara ya kwanza, Januari 2010, alisema ni kifaa cha kukaa katikati ya simu na laptopu. Katikati! Habari za kwamba kitachukua nafasi ya laptopu zilikuja baadaye, Apple ilipotoa iPad Pro mwaka 2015, na miaka miwili baadaye ikaja na tangazo la mtoto anayeulizwa anafanya nini kwenye kompyuta yake, naye anauliza kompyuta ndiyo kitu gani. Tangazo tamu. Ila yule mtoto hakuwa na bosi anayesubiri bajeti ya mwaka.

Wiki tatu Kibosho

Nianze na mazuri, maana yapo mengi. Umeme ulikatika siku ya pili tu, usiku, tukabaki na taa ya chaji. Kishikwambi kikaendelea kama hakuna lililotokea. Chaja yake inakula umeme kidogo, wati 20 hivi, kwa hiyo hata pawabenki ya kawaida ya simu inakisogeza. Laptopu nyingi tulizonazo majumbani, hasa zile za zamani kidogo, zinataka chaja yake yenyewe ya wati 65, na pawabenki ya simu haifui dafu. Hizi mpya zinazochajiwa kwa USB-C zina nafuu, lakini nazo zinataka pawabenki kubwa.

Kuhariri makala za wenzangu kulikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Word ya kwenye kishikwambi inaonyesha masahihisho na maoni pembeni kama kawaida. Na kurasa zilizokwisha kupangwa, zile za PDF, nilizisoma nikiwa nimekaa chini ya mgomba kwenye kihamba cha mama, nikichora makosa kwa kalamu moja kwa moja juu ya ukurasa. Hapo nasema bila kupepesa macho, laptopu haioni ndani. Kusoma na kusahihisha kwa mkono ni kazi iliyoumbiwa kishikwambi.

Halafu yakaja yale mengine. Kurasa zetu zinapangwa kwa InDesign, na Adobe hawana InDesign ya iPad wala ya Android. Photoshop ya iPad waliitoa mwaka 2019, Illustrator 2020, lakini hiyo ya kupanga gazeti hakuna. Kwa hiyo kila neno moja lililozidi kwenye safu ilibidi nimpigie simu mpangaji wetu Dar alitoe. Mara ya kumi alikuwa anapokea kwa kuguna. Kazi nyingine iliyonitoa jasho ni kulinganisha makala tatu na kusaka namba kwenye ya nne. Vishikwambi vya siku hizi vinafungua madirisha kadhaa, hilo nakubali, lakini kwenye inchi 11 ni sawa na kupika pilau ya harusi kwenye sufuria ya chai.

Na hili sikulijua mpaka nililipofuatilia, nawe litakusaidia: Word na Excel za kwenye kishikwambi Microsoft wanakuachia uhariri bure endapo kioo hakizidi inchi 10.1. Kikizidi hapo, lazima uwe umelipia. Muuzaji dukani hatakwambia.

Sensa ilishatupa jibu

Kwa kweli nchi yetu ilishafanya jaribio hili kwa ukubwa ambao mimi na Desemba yangu hatuufikii. Sensa ya 2012 ilifanyika kwa madodoso ya karatasi; ilianza Agosti 26 na matokeo yakatangazwa Desemba 31, siku 127 baadaye. Ile ya Agosti 23, 2022 makarani walibeba vishikwambi, na Oktoba 31 mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kwamba tuko watu 61,741,120. Siku 69. Nusu ya muda, na watu wameongezeka.

Sasa tazama kazi ilivyogawanyika. Karani alipopanda kwenye vijiji vya Old Moshi au Rombo, nyumba kwa nyumba, alihitaji kitu cha kushika mkono mmoja akiwa amesimama uani na mbwa anambwekea, chenye betri ya kutosha na kinachotunza majibu hata mtandao usipokuwepo. Laptopu pale ingekuwa kichekesho. Lakini kujumlisha, kuchambua na kuandika zile ripoti nene zilizofuata ni kazi ya mezani, ya kompyuta kubwa. Kishikwambi kilikusanya. Hakikuandika ripoti.

Huo ndio mstari ninaouona kila mahali hapa mlimani. Maofisa ugani na watafiti wanaozungukia vihamba vya kahawa hukusanya taarifa kwa programu kama ODK Collect, ambayo ni ya Android. Kwao swali letu linageuka: laptopu haiwezi kuchukua nafasi ya kishikwambi, kwa sababu haina GPS ya kuonyesha shamba liko wapi, na programu yenyewe haikutengenezwa kwa ajili yake. Kiongozi mmoja wa wageni niliyeongea naye pale Marangu anabeba kidogo cha inchi 8. Humo ana majina ya kundi, ramani za njia na vipimo vya oksijeni vya kila mgeni asubuhi na jioni. Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kuna intaneti tangu Agosti 2022, kwa hiyo akifika pale anatuma taarifa ofisini. Shida yake ni baridi, maana baridi inamaliza betri upesi. Analala nacho ndani ya begi la kulalia. "Mke wangu anajua," akaniambia huku anacheka.

Mume, mke na Excel

Sasa niwaletee wanandoa walionifanya niandike makala hii. Wamekubali niwaandike bila majina. Mume ni mwalimu wa sekondari upande wa Uru. Mke anafanya kazi kampuni ya utalii mjini Moshi na jioni anasoma shahada ya uzamili. Laptopu ni moja, ya tangu enzi za uchumba, na ndiyo ile ya betri iliyokufa.

Baada ya sensa, Serikali ilivigawa vile vishikwambi kwa walimu wa shule za umma, na yeye akapata. Andalio la somo humo, alama za wanafunzi humo, vikao na wazazi kwenye WhatsApp humohumo. Kwa mtu kama yeye, laptopu imegeuka pambo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: kile cha shule ni mali ya Serikali, hakiwezi kuwa cha nyumbani. Basi laptopu iuzwe, waongezee hela ya vikoba, wanunue kishikwambi chao, mama asomee, na mtoto anayeanza darasa la kwanza naye ajifunzie. Ada ya Januari iko mlangoni, kwa hiyo kifaa kimoja kifanye kazi ya watu wote.

Nilikuwepo siku mazungumzo yalipopamba moto. Mume akasema kwa upole tu, "Mama, tuseme ukweli. Hiyo laptopu unaitumia mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku ukishalala, baba."

Yule bwana aliduwaa. Yeye ni mtu wa kulala saa tatu na nusu. Miaka miwili mkewe amekuwa akikaa mezani mpaka saa sita, saa saba usiku, laptopu imechomekwa ukutani, na mume anajua tu kwamba "mama anasoma". Kwa maoni yangu ugomvi mwingi wa vifaa nyumbani uko hapo. Kila mtu anapima kifaa kwa kazi yake mwenyewe, kwa sababu kazi ya mwenzake hajawahi kukaa akaitazama.

Nikawaachia kishikwambi changu na kibodi yake usiku mmoja. Sharti moja: mama afanye kazi zake zote humo, na baba asilale.

Mama alianza na sura ya nne ya tasnifu. Kuandika kukaenda vizuri, akasifia hata kibodi. Akafungua faili la ofisini la kupigia bei za safari, lile lenye idadi ya siku, ada za hifadhi, wapagazi na chakula. Excel ikafungua, namba zikaonekana, lakini vile vitufe vya kubofya hesabu ijipange yenyewe vikawa vimekufa, kwa sababu vinaendeshwa na makro, na Excel ya kwenye vishikwambi haiendeshi makro. Akahesabu kwa mkono, safu kwa safu. Halafu data za utafiti. Hizo ziko kwenye SPSS, na SPSS haina toleo la iPad wala la Android. Mwisho wa habari. Saa tano na nusu usiku akaifungua laptopu yake kuukuu, akaichomeka, akaendelea. Baba akabaki kwenye kiti, macho mekundu, anaangalia majedwali yanavyopanda na kushuka. Naambiwa hakusema kitu.

Na mtoto? Kishikwambi alikiona asubuhi, akakishika, akatafuta katuni. Wazazi mnanielewa. Kifaa cha kazi kinachojua katuni kinabadilisha mwenyewe ikifika saa kumi na moja jioni.

Tuje mfukoni

Watu husema kishikwambi ni rahisi kwa bei. Ni rahisi kikiwa kitupu. Chukua bei za Marekani za mwaka 2024: iPad Pro ya inchi 11 ilianzia dola 999, kibodi yake dola 299, kalamu dola 129. Jumla dola 1,427. MacBook Air iliyotoka Machi mwaka huohuo ilianzia dola 1,099, kibodi ikiwa ndani tayari. Za Android za bei ya chini zipo, sikatai, lakini nazo ukishaongeza kibodi ya maana na kadi ya kuhifadhia umeshaikaribia laptopu ya mtumba iliyo safi. Kuna pia za katikati, kama Surface Pro za Microsoft, ambazo ni kishikwambi kwa umbo lakini ndani ni Windows kamili, na programu zinazokubali Windows zinakaa. Mfuko ukiruhusu, mjadala wote huu unaisha hapo. Wengi wetu mfuko hauruhusu.

Kwa nyumba yenye uwezo wa kununua kifaa kimoja tu, na mmoja wenu anaishi kwa mahesabu, ripoti ndefu au utafiti, mimi nasema laptopu. Kishikwambi kiwe cha pili, siku mkijaaliwa. Kama wote wawili kazi zenu ni za kuzunguka, kupiga picha, kujaza fomu na kusoma, nunueni kishikwambi na mlale usingizi.

Ukienda kununua laptopu ya mtumba, usiangalie unene wala rangi. Windows 10 iliachwa rasmi na Microsoft Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inakataa mashine nyingi za zamani. Kwa zile zenye Intel, uliza prosesa ni ya kizazi cha ngapi. Kuanzia cha nane uko salama. Kama ni yako mwenyewe na imekuwa nzito, muulize fundi kwanza kuhusu kuing'oa diski ya zamani na kuweka SSD. Utadhani umeletewa nyingine, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kishikwambi kipya.

Wale wanandoa walifanya hivyo hivyo. Laptopu ikapelekwa kwa fundi mjini, ikawekwa betri mpya na SSD, na hela ya vikoba iliyobaki ikaenda kwenye ada. Swali la Windows wameliahirisha mpaka mama amalize chuo. Meza imehamishwa kutoka sebuleni kwenda chumbani, karibu na soketi, na baba siku hizi analala saa nne na nusu. Sura ya nne imeshafika kwa msimamizi. Aliyekwenda kuichapisha steshenari, akaibana na kuifikisha chuoni mwenyewe kabla ya kipindi cha kwanza, ni yule mwalimu.