Balbu ya Kelvini 6500 Haitaunguza Nyumba

Msomaji wetu wa Mbagala Kizuiani amenunua balbu ya LED Kariakoo, na kwenye boksi ameona pameandikwa 6500K. Fundi umeme akamwambia K ni kipimo cha joto. Sasa ana wasiwasi: ikiwa maji huchemka kwenye nyuzi 100, kitu chenye joto la 6500 kitaning'inia vipi darini bila kuunguza nyumba?

Fundi amesema kweli. K ni kelvini, kipimo cha joto kama ilivyo Selsiasi, ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa huitumia inapotutabiria nyuzi 32 za Februari, na kama ilivyo Farenhaiti, inayoingia majumbani mwetu ndani ya vipimajoto wanavyotuma ndugu walioko Marekani. (Kipimajoto cha aina hiyo kikisoma 98.6, mtoto hana homa. Kikifika 100.4, anayo, mpeleke zahanati.) Namna ya kugeuza kipimo kimoja kuwa kingine sitaipitia, imo katika vitabu vya fizikia vya sekondari. Jibu la msomaji limo mahali ambapo kila kipimo kimeweka sifuri yake.

Chukua Barabara ya Kilwa. Watu watatu wanapima umbali kuelekea Mbagala. Selsiasi ameanzia Mtoni, kwa sababu pale pana alama ambayo kila mtu anaijua: barafu inayeyuka. Farenhaiti ameanzia nyuma yake kidogo, upande wa mjini, na hatua zake ni fupi. Yeye akipiga 9, mwenzake amepiga 5. Kelvini amerudi mpaka barabara inapoanzia, ambako huwezi kurudi nyuma zaidi, na hatua zake ni sawa na za Selsiasi. Waonyeshe nyumba moja, watakutajia namba tatu, na hakuna aliyedanganya. Lakini waulize kama nyumba ya pili iko mbali mara mbili ya ile ya kwanza kutoka mwanzo wa barabara. Hapo Selsiasi na Farenhaiti hawana jibu la moja kwa moja. Ndiyo maana asubuhi ya nyuzi 15 kule Njombe na mchana wa nyuzi 30 hapa Temeke havipishani mara mbili kwa joto. Kwa kelvini ni 288 na 303, tofauti ya asilimia 5 tu.

Aliyependekeza kuhesabu hivyo, mwaka 1848, ni William Thomson wa Glasgow, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin. Sifuri yake iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Wengine huiita sifuri halisi, wengine sifuri kamili. Mimi nashikilia "sifuri ya mwisho", kwa kuwa sifuri nyingine nazo ni halisi na kamili, ila si za mwisho. Na tangu mwaka 1967 kelvini haina nyuzi. Tuseme kelvini 6500, kama tunavyosema kilo 5.

Sasa tufike penye utamu wenyewe. Usiku umeme ukikatika, tazama jiko la mkaa la mama lishe wa Tandika. Mkaa ukiwa umeanza kushika, una wekundu wa kufifia. Akiupepea, wekundu unageuka rangi ya chungwa. Hakuna aliyeupaka rangi. Joto lenyewe ndilo linalotoa mwanga. Chembe zilizomo ndani ya kila kitu hutikisika, na zinapotikisika hutoa mawimbi. Joto likizidi, zinatikisika kwa kasi zaidi na mawimbi yanakuwa mafupi zaidi. Mwanga mwekundu ndio wenye mawimbi marefu kuliko yote tunayoyaona, kwa hiyo ndio unaotangulia. Kitu kikizidi kupata moto, rangi nyingine zinajiunga nao moja baada ya nyingine, na zote zikikutana jicho linaona weupe. Uso wa jua una karibu kelvini 5800. Ukipita hapo, weupe unaanza kuelekea buluu.

Kanuni yake aliitoa Mjerumani Wilhelm Wien mwaka 1893, na ni nyepesi ajabu: kelvini zikiwa mara mbili, urefu wa wimbi linalotoka kwa nguvu zaidi unakuwa nusu. Mwili wako una kelvini 310, yaani jua linakuzidi kama mara 19. Basi nawe unang'aa, hata gizani, kwa mawimbi marefu mara 19 kuliko ya jua, ambayo jicho haliyaoni. Vile vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso, tulivyovizoea wakati wa Uviko, vinayaona, na kwa mawimbi hayo vinakusomea 36.5. Ukijaribu hesabu hii kwa Selsiasi, jua litakuzidi karibu mara 150, na jibu litaharibika.

Kwa hiyo 6500K kwenye boksi ni jina la rangi: weupe ambao kitu kingeutoa kama kingepashwa moto hadi kelvini 6500. Balbu ya LED haitoi mwanga kwa kuungua, na joto lake ni dogo mno kulinganisha na namba hiyo. Balbu za zamani za waya ndizo zilizokuwa na joto la kweli la karibu kelvini 2700, na ndiyo maana zilikuwa za njano. Madukani rangi hiyo ya njano huitwa ya joto na ile nyeupe ya 6500 huitwa ya baridi, kinyume kabisa na kelvini zenyewe.

Chumbani na sebuleni weka ya 2700 au 3000, inatuliza macho kabla ya kulala. Penye cherehani, jikoni na dukani, 6500 inafaa. Na ukitaka kujua kama mwanga utatosha, K haitakwambia; tafuta namba ya lumeni kwenye boksi hilohilo.