Spika ya Kujitengenezea: Mtoto Aanze na Betri, Asianze na Umeme wa Ukutani

Likizo ya kiangazi imeingia, joto la Dubai limepita digrii 40, na watoto wamejaa ndani ya fleti. Wengi wanaangalia video za vijana wanaojitengenezea spika, halafu wanaleta ombi: baba, twende Deira tukanunue vifaa. Wazazi wenzangu, wapelekeni. Kwetu Mombasa na Unguja redio ikiharibika ilikwenda kwa fundi, na sisi tukachungulia ndani. Huku watoto wetu wanajua kununua na kutupa tu. Lakini kabla ya kutoa pochi, uliza jambo moja: umeme utatoka wapi?

Umeme wa ukutani hapa ni volti 230. Huo si wa masihara, unaua. Tena amplifaya ya kuchomeka ukutani ina hatari nyingine ya kujificha: ndani mna kapasita kubwa zinazoweka chaji. Ukishachomoa plagi, chaji yaweza kubaki humo kwa muda. Mtoto anadhani chombo kimezimika, anatia kidole, kumbe kiko hai.

Basi mradi wa kwanza uwe wa betri. Chipu ndogo ya LM386 hufanya kazi kwa volti 4 mpaka 12. Betri nne za volti moja na nusu zinatoa volti 6, zinatosha kabisa. Nguvu yake haifiki wati moja, jirani hatagonga mlango, lakini taarabu chumbani itasikika vizuri.

La pili ni kasha. Karatasi ya spika ikisukuma hewa kwa mbele, huku nyuma inavuta. Sauti hizo mbili zikikutana zinauana, na besi ndiyo inayopotea kwanza. Ndiyo maana spika tupu mezani hulia kama nzi kwenye chupa. Itieni kwenye boksi la mbao, mtasikia tofauti.

La tatu ni hesabu. Spika nyingi huandikwa omu 4 au omu 8. Mbili za omu 8 zikiungwa sambamba, moja ya nane jumlisha moja ya nane ni moja ya nne, kwa hivyo unapata omu 4. Zikifuatana unapata 16. Amplifaya iliyotengenezewa omu 8 ukiipa 4, itavuta mkondo mwingi, itapata moto, na huenda ikaungua. Mtoto anayeuliza sehemu za hesabu zina faida gani amepata jibu.

Akishaelewa hapo, betri zile zile zitaendesha saketi ya kudhibiti taa. Chipu ya 555, aliyoibuni Hans Camenzind mwaka 1971, ingali inauzwa. Kwa rezista mbili na kapasita moja inawasha na kuzima taa ndogo ya LED kwa mpigo. Badilisha rezista, na mpigo unabadilika.

Wakati wa kulehemu, mkubwa akae karibu, dirisha liwe wazi, na lehemu iwe isiyo na risasi. Na mtoto akitaka sauti kubwa zaidi, msimfungulie njia ya ukutani. Mnunulieni adapta ya volti 12 iliyofungwa kiwandani, na sharti liwe moja: hiyo haifunguliwi.