Kichocho cha Kwetu na Kichocho cha Gungu



Msimu uliopita yalizuka maneno katika baadhi ya mashamba kwamba wachumaji waliotoka bara, khasa wale wa Gungu huko Kigoma, ndio wanaotuletea kichocho hapa Pemba. Mwanachama mmoja alifika ofisini kutaka chama kitoe amri wasiandikwe kazi tena. Tumeona yafaa kwanza tueleze maradhi yenyewe, maana jina ni moja lakini vichocho ni viwili.

Kichocho tunachokijua sisi ni cha mkojo. Mnyoo wake alionekana mara ya kwanza mwaka 1851 mjini Cairo na tabibu wa Kijerumani, Theodor Bilharz. Minyoo hii hukaa ndani ya mishipa ya damu iliyo karibu na kibofu. Jike hutaga mayai yenye mwiba nchani, nayo hutoboa kibofu ili yatoke, na hiyo ndiyo damu ionekanayo mwisho wa mkojo. Ziko sehemu ambazo mtoto wa kiume akikojoa damu husemwa amebaleghe! Huko si kubaleghe, ni maradhi. Yakiachwa miaka mingi huharibu figo, na pengine huleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai huweza kuumiza sehemu za uzazi, mtu akadhaniwa ana maradhi ya zinaa na hali hana.

Mkojo ukiingia katika maji baridi, yai hupasuka na kijidudu chake humtafuta konokono mdogo wa maji. Huzaana ndani ya konokono huyo wiki kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtu aliye majini kwa muda wa dakika chache tu. Mtu haoni kitu, ila pengine mwasho. Mabonde yetu ya mpunga na vijito vilivyo chini ya mikarafuu ndiyo makao ya konokono huyo, na mchumaji akishuka mtini jioni, jasho na vumbi limemjaa, huenda wapi kuoga kama si kijitoni?

Sasa twende Gungu. Watu wa huko hushuka ziwani kuvua dagaa, kufua na kuoga, na wengine hulima mpunga bonde la Luiche. Kichocho kijulikanacho katika mwambao wa Ziwa Tanganyika ni cha matumbo. Katika Gombe, kaskazini ya Kigoma, hata nyani wameonekana wanacho. Mnyoo wake ni ndugu wa yule wa kwetu, lakini hukaa katika mishipa ya utumbo, na yai lake lina mwiba ubavuni. Hutoka kwa haja kubwa, si kwa mkojo. Mgonjwa huumwa na tumbo, huharisha, pengine huona damu chooni. Mayai mengine hupelekwa na damu mpaka kwenye ini, nalo likawa gumu, bandama ikavimba, tumbo likajaa maji, na mwisho mtu huweza kutapika damu akafa.

Konokono anayekibeba kichocho cha matumbo si yule anayebeba cha mkojo. Kwa hiyo mgeni mwenye kichocho cha ziwani hawezi kukitia katika konokono wa mabonde yetu wenye cha mkojo. Anayevitia vijito vyetu maradhi hayo ni yule akojoaye ndani yake naye ana kichocho cha mkojo, na huyo aghalabu ni mwenyeji.

Tena mgeni huyo ndiye mwenye hatari zaidi hapa kwetu. Alikuwapo mchumaji mmoja wa Gungu aliyeumwa na tumbo msimu mzima. Alipelekwa kituo kimoja cha afya, akapimwa mkojo kwa darubini, akaambiwa hana kichocho. Kweli mkojo wake ulikuwa safi! Alirudi kambini akaendelea kudhoofika, mpaka mganga mwengine alipomuuliza: "Ulikuwa ukioga wapi kwenu?" Hapo ndipo alipotakiwa choo, na mayai yakaonekana. Kilichotuumiza zaidi ni kwamba dawa ya vichocho vyote viwili ni moja, praziquantel. Hupimwa kwa uzito wa mtu, miligramu 40 kwa kila kilo. Vidonge vingi ni vya miligramu 600, basi mtu wa kilo 60 humeza vinne, naye awe amekula. Dawa haiui minyoo michanga, kwa hiyo aliyekuwa majini karibuni huenda akatakiwa kurudia baada ya wiki kadhaa.

Anayepimwa cha mkojo apeleke mkojo wa baina ya saa nne za asubuhi na saa nane za mchana, ndipo mayai huwa mengi. Anayepimwa choo asiridhike na mara moja, maana mayai hayatoki sawasawa kila siku. Kipo pia kipimo kipya cha mkojo kinachoonyesha dalili ya kichocho cha matumbo bila ya kutafuta mayai, lakini sharti mganga ajue anatafuta nini.

Kwa wanachama wanaokwenda Kigoma kununua dagaa na mawese tuna neno moja. Mtu wa pwani akiliona Ziwa Tanganyika na mawimbi yake hulidhani bahari. Bahari haina kichocho kwa sababu ya chumvi yake; ziwa ni maji baridi, na konokono hupenda kando penye majani na midomo ya vijito. Ogeni maji yaliyochemshwa au yaliyotekwa na kuwekwa siku mbili.

Dawa ilipoanza kugawiwa katika skuli za Pemba mwaka 1986, sehemu nyingi zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na kichocho. Leo kimepungua mno, na kwa hivyo watu wamekisahau.

Ombi la kuwazuia wachumaji wa Gungu halikukubaliwa. Badala yake kila mwenye kambi atachimba choo kabla ya siku ya kwanza ya kuchuma, mbali na kijito, na katika daftari la wachumaji ataandika mahali mtu anapotoka na maji aliyozoea kuoga. Mchumaji akiugua, apelekwe pamoja na nakala ya maneno hayo. Madaftari yapo ofisini kila asubuhi isipokuwa Ijumaa.