Sura ya 5: Mshahara wa Mtoto Mtiifu

Peggy-Jean Montgomery alipata kazi ya filamu akiwa na umri wa miezi 19, na kilichompatia kazi hiyo ni usikivu. Mama yake alikwenda naye kutembelea studio ya Century, Hollywood. Mwongozaji Fred Fishback akamwona mtoto anayekaa akiambiwa akae na kunyamaza akiambiwa anyamaze. Fishback tayari alikuwa na mbwa mashuhuri aliyefunzwa kutii, jina lake Brownie, na sasa akapata mtoto wa kumweka naye mbele ya kamera. Filamu yao Playmates ilitoka mwaka 1921, na mtoto akapewa jina la kazi: Baby Peggy.

Usikivu huo ulikuwa kazi ya baba. Jack Montgomery alikuwa mchunga ng'ombe aliyeingia Hollywood wakati filamu za farasi na bastola zilipokuwa zinapamba moto. Alipanda farasi badala ya nyota Tom Mix pale palipokuwa na hatari ya kuvunjika shingo. Watoto wake aliwalea kwa amri, na hakuficha imani yake kwamba bintiye alifaulu kwa sababu ya kutii, wala si kwa sababu ya kipaji. Mimi naona alijidanganya. Katika filamu fupi za Century, Peggy aliwaigiza mastaa wakubwa wa siku zile, Rudolph Valentino na Pola Negri wakiwemo, na kumwigiza mtu mzima hadi watazamaji wacheke kunahitaji jicho na masikio ambayo amri peke yake haiwezi kumpa mtoto. Lakini baba ndiye aliyeshika mkataba, na maoni yake ndiyo yaliyokuwa na uzito.

Inafaa kueleza hapa kwa nini utiifu ulikuwa na bei kubwa kiasi hicho. Hizo zilikuwa zama za filamu zisizo na sauti. Kamera ilichukua picha tu, hivyo mtu aliyesimama kando yake aliweza kupaza sauti wakati picha inapigwa: lia, cheka, ogopa, geuka. Baba alisimama hapo na kutoa amri, mtoto akatekeleza, na aliyeketi ukumbini aliona machozi bila kujua nani ameyaagiza. Mtoto asiyejua kusoma hakuhitaji kukariri mstari hata mmoja. Filamu za sauti ziliposhika soko mwishoni mwa miaka ya 1920, njia hiyo ya kufanya kazi ilikufa, na watoto waliofuata walitakiwa kuzungumza, kuimba na kukumbuka.

Century ilikuwa mali ya ndugu wawili, Julius na Abe Stern, mashemeji wa Carl Laemmle aliyeimiliki Universal. Biashara yao ilikuwa vichekesho vifupi, vinavyotengenezwa harakaharaka na kwa gharama ndogo. Peggy alifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki. Shule hakupelekwa. Katika kazi moja alizamishwa baharini mpaka akazirai. Katika nyingine alitakiwa atoke peke yake ndani ya chumba kinachowaka moto wa kweli. Aliwahi pia kupanda chini ya behewa la treni. Wakati huo alikuwa hajatimiza miaka sita.

Fedha zilikuja kama mafuriko. Filamu ya The Kid ya mwaka 1921, ambamo Charlie Chaplin aliigiza na mtoto Jackie Coogan, ilikuwa imewaonyesha wenye studio kwamba uso wa mtoto unajaza kumbi, na kila mmoja akawa anatafuta mtoto wake. Peggy alipanda kutoka vichekesho vifupi hadi filamu ndefu: The Darling of New York mwaka 1923, kisha Captain January na Helen's Babies mwaka 1924. Kulikuwa na wanasesere wenye sura yake madukani. Mwaka huohuo wa 1924 alipandishwa jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini New York, akapunga bendera. Mkataba wake ulitajwa kuwa wa dola milioni 1.5 kwa mwaka.

Hakuna aliyemwekea hata akiba. Wazazi walitumia kwa nyumba, magari na mavazi, na yote hayo sheria ya wakati huo iliruhusu. Mwaka 1925 baba aligombana na mtayarishaji Sol Lesser kuhusu malipo, mkataba ukavunjwa, na milango ya studio ikafungwa. Peggy alikuwa na miaka sita, na kazi yake ya filamu kwa sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kwa ugomvi ambao hakuwa na neno ndani yake. Familia ikamzungusha miaka kadhaa katika majukwaa ya maonyesho mijini. Kisha soko la hisa likaanguka mwaka 1929 na kilichobaki kikapotea. Walijaribu maisha ya ranchi Wyoming, wakashindwa, na mwaka 1932 wakarudi Hollywood. Binti ambaye sura yake iliwahi kuuza wanasesere sasa alipanga foleni ili alipwe kwa siku, asimame nyuma ya mastaa katika umati.

Alipokuwa mtu mzima alilikimbia jina lake. Akajiita Diana. Baada ya kuingia Ukatoliki akaongeza Serra, na ndoa ya pili, na msanii Bob Cary, ikampa jina la mwisho. Diana Serra Cary alifanya kazi katika duka la vitabu, akaandika makala, na kwa miaka mingi hakutaka kukumbushwa mambo ya Baby Peggy.

Alipoyarudia, aliyarudia kama mwanahistoria. The Hollywood Posse, kitabu cha mwaka 1975, ni habari za wachunga ng'ombe waliogeuka wapanda farasi wa filamu, watu wa aina ya baba yake, na kimeandikwa bila chuki. Kisha akaandika Hollywood's Children, kuhusu watoto waliofanya kazi kama yake, na mwaka 1996 akaandika maisha yake mwenyewe. Mwaka 2003 alitoa kitabu kuhusu Jackie Coogan, na uchaguzi huo una sababu.

Coogan naye alipokua aliuliza fedha zake ziko wapi. Mwaka 1938 alimshtaki mama yake na baba wa kambo. Kati ya mamilioni aliyoyachuma, alipata takriban dola 126,000. Kilio cha umma kilizaa sheria ya California ya mwaka 1939, inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Ilikuwa na matundu mengi, kwa sababu iligusa mikataba iliyopitishwa mahakamani tu. Shirley Temple, aliyeirudia Captain January mwaka 1936 na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Marekani nchini Ghana, alieleza kwamba alikuta dola 44,000 tu kati ya zaidi ya milioni tatu alizoingiza. Mageuzi ya mwaka 2000 ndiyo yaliyotamka kwamba mshahara wa mtoto ni mali ya mtoto, na kwamba asilimia 15 iwekwe akiba asiyoweza kuigusa mzazi.

Filamu nyingi za Baby Peggy zimepotea, nyingine kwa moto ulioiteketeza studio ya Century mwaka 1926. Captain January ipo na inafaa kutazamwa. Mwenyewe alifariki Gustine, California, tarehe 24 Februari 2020, akiwa na miaka 101, mmoja wa nyota wa mwisho wa filamu zisizo na sauti. Kwa msomaji wa sura hii nashauri aanze na Hollywood's Children kabla ya filamu. Hakuna mwanahistoria mwingine wa zama zile aliyeujua mwendo wa kazi hiyo akiwa mbele ya kamera, na kwa maoni yangu alikuwa mwandishi bora kuliko alivyowahi kuruhusiwa kuwa mwigizaji.